Kabla ya Kuimba, Tusikilize

Hotuba ya walimu wa kwaya katika sherehe ya Jubilei ya Dhahabu

 

Kamati ya jubilei ilipogawa kazi, wengine walipewa chakula, wengine hema na viti, wengine sare. Sisi walimu wa kwaya tuliombwa tuseme neno kuhusu muziki, tena lisipite nusu saa, kwa sababu pilau haisubiri mtu. Tumetii.

Tungeweza kuzungumzia nyimbo ambazo kwaya hii imeimba kwa miaka 50. Lakini hayo mtayasoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, na picha za zamani mtazicheka wenyewe. Sisi tumechagua upande wa pili wa wimbo. Wimbo una kinywa na una sikio. Kinywa kimesifiwa sana leo, nacho kinastahili. Sikio halijapewa hata cheti.

Tena tuna sababu. Sehemu ya mchango wa leo itakwenda kununua vipaza sauti vipya vya kanisa. Wapo wanaosema tununue vikubwa kabisa, ili wimbo ufike hadi barabarani. Wapo wanaosema hata vilivyopo vinawaumiza kichwa. Mjadala umekuwa moto, na watu wanaopendana wameanza kununiana kwa ajili ya spika. Hatukuja kuamua kesi hiyo. Tumekuja kuuliza swali lililo chini yake: muziki unapotuzunguka, masikio yetu yanafanya nini?

Swali hili limewasumbua wanamuziki wengine kwa miaka zaidi ya 100, na walichokipata kinaweza kutusaidia.

Wimbo wa sadaka

Mkisikia "historia ya muziki" msiogope. Tuanzie hapa hapa, kwa wimbo wa sadaka. Kila Jumapili wakati wa matoleo kwaya inaimba. Watu wanatoka vitini safu kwa safu, sarafu zinagonga kikapu, mama anamshika mtoto mkono, kijana anatoa simu atume sadaka yake. Hakuna anayeketi kututazama, wala si kosa. Wimbo ule umewekwa pale uwe pamoja na watu wakifanya jambo lingine. Lakini hebu ukatike ghafula katikati ya ubeti! Kanisa zima litageuka. Kumbe walikuwa wanausikia.

Muziki wa namna hiyo hausimami mbele ya mtu, unamzunguka. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani waliupa jina muziki wa ambienti, yaani muziki ulio kama hewa ya chumba. Ubishi wao umekuwa huu: je, muziki kama huo unamheshimu anayeusikia, au unamlaza usingizi?

Mtu aliyeomba asisikilizwe

Wa kwanza kulitamka jambo hili wazi alikuwa Mfaransa Erik Satie, aliyezaliwa mwaka wa 1866. Alikuwa mtu wa vituko. Aliwahi kuanzisha kanisa lake mjini Paris, na mshirika alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe. Bila shaka kwaya yake haikuwa na tatizo la nidhamu. Ili apate riziki alipiga piano katika vilabu vya Montmartre, ambako watu walikunywa na kuongea yeye akipiga. Aliujua vizuri muziki usiotazamwa. Mwaka wa 1917 alianza kutunga vipande vifupi alivyoviita muziki wa samani: muziki wa kukaa chumbani kama kiti au pazia, unaofaa watu bila kudai kutazamwa.

Tarehe 8 Machi 1920, katika ukumbi wa sanaa wa Barbazanges mjini Paris, Satie na mwenzake Darius Milhaud waliujaribu hadharani, wakati wa mapumziko ya mchezo wa kuigiza. Waliweka wapiga klarineti katika pembe tatu za ukumbi, piano katika pembe ya nne, na tromboni juu ghorofani. Watu waliambiwa mapema wasiujali muziki, waendelee na mambo yao. Ulipoanza kupigwa, wote wakakimbilia viti vyao, wakaketi kimya, wakasikiliza. Satie akawa anazunguka akipiga kelele kwamba waongee, watembee, wasisikilize! Hakuna aliyemtii.

Tunacheka, lakini tuangalie vizuri. Siku zile muziki mwingi bado ulitoka kwa mtu aliye hai, aliyesimama mbele yako. Ukianza, mwili wenyewe ulijua la kufanya: kuketi na kutega sikio. Satie alishindwa kuwazuia watu wasisikilize. Angekuja kwetu leo angeshangaa, maana kazi ngumu sasa ni kuwafanya wasikilize.

Muziki uliopimwa kwa saa

Kilichogeuza mambo ni waya. Jenerali mmoja wa jeshi la Marekani, George Owen Squier, alibuni njia ya kupeleka muziki kwa nyaya mpaka majumbani na madukani. Mwaka wa 1934 huduma hiyo ilipewa jina Muzak, neno lililounganisha muziki na jina la kampuni ya kamera ya Kodak. Baadaye Muzak iliingia viwandani na maofisini kwa hesabu kamili. Nyimbo zilipangwa katika mafungu ya dakika 15, kuanzia iliyopoa mpaka iliyochangamka, halafu dakika 15 za kimya, halafu fungu jingine. Shabaha ilikuwa mfanyakazi asichoke wala asisinzie.

Hapo muziki ulikuwa umebadilishwa kazi. Haukuwa tena wa kumwambia mtu jambo. Ulikuwa wa kumsukuma bila yeye kujua anasukumwa. Mtu aliyeusikiliza kwa makini alikuwa ameuharibu, kwa sababu uliundwa upite bila kusikilizwa. Mwaka wa 1969 Baraza la Kimataifa la Muziki, lililoanzishwa na UNESCO, lilipitisha azimio la kulaani matumizi mabaya ya muziki uliorekodiwa katika mahali pa watu, na kutetea haki ya mtu kupata kimya. Tafakarini jambo hilo: wanamuziki ndio walioomba muziki upunguzwe.

Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa. Asubuhi unapanda matatu, spika iko chini ya kiti chako na besi inakupiga mgongoni. Unashuka, duka la kwanza lina wimbo wake, la pili lina wake. Unafika kwenye foleni ya benki, televisheni inaimba ukutani. Jioni umesikia nyimbo nyingi na huwezi kutaja hata moja. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Hawakutuambia kwamba linaweza pia kuvimbiwa.

Halafu mtu huyo huyo anakuja kanisani Jumapili, na sisi tunasimama kumwimbia. Masikio yake yamezoezwa wiki nzima kupitisha muziki kama maji kwenye bomba. Hili ndilo jambo zito tunalotaka kanisa lilione. Ugumu wetu hautokani na uhaba wa sauti. Tunaimbia masikio yaliyochoka.

Mvua juu ya paa

Twende sasa Marekani. Mwaka wa 1951 hivi mtunzi John Cage aliingia katika chumba maalumu katika Chuo Kikuu cha Harvard, chumba kilichojengwa ili kimeze sauti zote. Alitarajia kusikia kimya kitupu. Alisikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito. Alipotoka akauliza. Mhandisi akamwambia ile nyembamba ni mishipa yake ya fahamu ikifanya kazi, na ile nzito ni damu yake ikizunguka. Cage akatoka na somo moja: maadamu mtu yu hai, hakuna kimya kamili. Tunachokiita kimya ni sauti tusizozijali.

Tarehe 29 Agosti 1952, katika ukumbi wa mbao ulio msituni karibu na Woodstock, jimbo la New York, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya piano, akafunga kifuniko, akatazama saa. Hakupiga noti hata moja. Kipande hicho cha Cage kilikuwa na sehemu tatu, jumla ya dakika 4 na sekunde 33, na jina lake ni muda huo huo. Wengi walikasirika, wengine wakatoka. Lakini Cage alisimulia baadaye kile ambacho masikio yaliyotulia yangepata: katika sehemu ya kwanza upepo ulivuma kwenye miti, katika ya pili matone ya mvua yalianza kugonga paa, katika ya tatu watu wenyewe walitoa kila aina ya sauti, wakinong'ona na kuondoka.

Hatusemi kwaya yetu isimame hapa dakika nne bila kuimba. Mchungaji angetuita ofisini. Lakini kila mtu aliyekaa chini ya mabati mvua ikinyesha anajua Cage alikuwa anazungumzia nini. Mvua ikija katikati ya mahubiri, kuna wahubiri wanaoshindana nayo kwa kelele, na kuna wanaonyamaza kidogo mpaka ipungue. Na dakika hiyo ya kunyamaza, kanisa zima likiangalia juu pamoja, mara nyingi huwa ndiyo dakika ambayo watu wote wamekuwa kitu kimoja.

Kinubi, uwanja wa ndege na noti chache

Aliyelipa jina la ambienti nguvu zake ni Mwingereza Brian Eno. Januari 1975 aligongwa na teksi, akalazwa, kisha akarudi nyumbani kupona kitandani. Rafiki yake alimletea sahani ya santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Rafiki alipoondoka, Eno aliiweka kwa taabu, akarudi kulala, ndipo akagundua kwamba sauti ilikuwa ndogo mno na spika upande mmoja ilikuwa imekufa. Hakuwa na nguvu za kuinuka tena. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Basi akalala pale akisikia noti chache za kinubi zikichomoza ndani ya mvua, nyingine zikizama. Badala ya muziki kufunika chumba, ulikuwa umechanganyika na chumba.

Miaka michache baadaye, akiwa katika uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, alijiuliza ni muziki gani unaofaa mahali ambapo watu wana haraka, wana hofu, na pengine wanaagana na wapendwa wao. Jibu lake lilitoka mwaka wa 1978, sahani inayoitwa Music for Airports. Mwaka wa 1980 ilipigwa katika jengo moja la abiria la uwanja wa LaGuardia, New York.

Wanakwaya, hapa ndipo mtege sikio, kwa sababu kipande kimoja cha sahani hiyo kimetengenezwa kwa sauti za watu. Ni wanawake watatu na Eno mwenyewe. Kila noti iliimbwa peke yake, ndefu, bila maneno, ikarekodiwa kwenye utepe uliounganishwa ncha kwa ncha ili ujirudie. Kanda hizo zilikuwa ndefu kiasi kwamba katika studio zilizungushwa kwenye miguu ya viti. Na hazikulingana urefu. Noti moja ilirudi kila sekunde 23 na nusu, nyingine kila sekunde karibu 26, nyingine kila sekunde karibu 30. Kwa hiyo wakati mwingine noti mbili zinakutana na kuwa wimbo wa sauti mbili, wakati mwingine moja inabaki peke yake, wakati mwingine zote zinapumzika. Mpangilio unabadilika daima ingawa kila noti inarudia kazi ile ile.

Tofauti ya Eno na Muzak ni hii. Muzak ilitaka kufunika mahali pote pafanane. Eno alitaka muziki unaoacha mahali pabaki palivyo, na unaomwachia msikilizaji uhuru: akitaka kuendelea na shughuli zake, haumkatazi, akitaka kusogea na kusikiliza, atakuta kuna kitu ndani. Tuurudie wimbo wetu wa sadaka. Anayetembea na kikapu aweze kutembea. Lakini mjane aliyebaki kitini, anayehitaji neno siku hiyo, akitega sikio asikute ganda tupu. Wimbo wa sadaka unastahili mazoezi sawa na wimbo wa mashindano.

Huyu Eno hajihesabu kuwa mtu wa dini, lakini anaupenda muziki wa injili. Mwaka wa 2008 alieleza katika redio ya Marekani kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa na kikundi kinachokutana kila wiki kuimba bila ala, na kwamba kama angepewa kazi ya kupanga upya elimu ya Uingereza, angeweka kuimba pamoja katikati ya kila siku ya shule. Mtu aliyetumia maisha yake kwenye mashine za studio amefika mahali ambapo ninyi mnafika kila siku ya mazoezi, saa kumi na moja jioni, mkiwa na uchovu wa kazi.

Kengele ya Frere Town

Mkanada R. Murray Schafer alikuwa mtunzi wa nyimbo za kwaya, zikiwemo za vijana wa shule. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser karibu na Vancouver, alianzisha kundi la watafiti waliokwenda mitaani na vijijini kurekodi sauti za mahali: honi za meli, treni, kengele, maji. Kitabu chake cha mwaka wa 1977 kilisema kwamba sauti hujenga jamii. Zamani, kijijini Ulaya, kengele ya kanisa ndiyo iliyochora mpaka: aliyeisikia alikuwa wa pale.

Hilo sisi Wakenya tunalo. Upande wa bara kaskazini ya kisiwa cha Mombasa kuna Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yao ilipigwa kuwaonya watu wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia. Kwa watu wale kusikiliza kulikuwa uhai. Mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni.

Kengele ile ilikuwa na nguvu kwa sababu nyakati nyingine ilinyamaza. Kama ingelia mchana kutwa, nani angekimbia? Tuwe na jambo hili moyoni tunapozungumza juu ya spika. Sauti inayofika barabarani bila kupumzika haiwi mwito tena. Inakuwa mojawapo ya kelele za barabara.

Kusikia, kusikiliza, kusikilizana

Wa mwisho ni mama mmoja Mmarekani, Pauline Oliveros, aliyezaliwa Houston mwaka wa 1932 na kufariki mwaka wa 2016. Chombo chake kilikuwa akodioni, kile kinanda cha kukunja na kukunjua ambacho wachezaji wa mwomboko wanakijua. Katika miaka ya 1950 mama yake alimpa mashine ya kurekodi. Akaweka maikrofoni dirishani, akarekodi, kisha akasikiliza. Ndani ya utepe mlikuwa na sauti ambazo yeye mwenyewe, akiwa palepale dirishani, hakuzisikia. Tangu siku hiyo akajiwekea sharti la kusikiliza kila kitu, wakati wote, na kujikumbusha kila anapojikuta hasikilizi.

Mwaka wa 1988 yeye na wenzake wawili walishuka ndani ya tangi la maji lisilotumika, chini ya ardhi, huko Fort Worden katika jimbo la Washington. Humo mwangwi ulikaa sekunde 45. Fikirini: unaimba noti, unanyamaza, na kwa muda wa robo tatu ya dakika noti yako ingali inaimba bila wewe. Mahali kama hapo huwezi kukimbia. Usiposikiliza ulichokwisha kutoa, utakachoongeza kitakuwa vurugu. Kutokana na kazi hiyo, kusikiliza kwa kina kukawa jina la mafundisho yake ya maisha yote.

Alisisitiza kwamba masikio kupokea sauti ni jambo moja, na mtu kuipa sauti akili yake ni jambo jingine. Yeye alihitaji kueleza sana. Kiswahili kimetueleza tangu utotoni. Kusikia ni kwa kila mwenye masikio. Hata aliyelala anasikia. Neno likirefuka kidogo linakuwa kusikiliza, na hapo mtu ameamua. Likirefuka tena linakuwa kusikilizana, na hapo tumekuwa wengi, tena tumepatana, kwa maana watu wanaosikilizana ni watu wanaoelewana. Na mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Kwaya ni mahali pa neno lile la tatu.

Basi tufanye nini

Tuna mambo matatu ya kupendekeza.

La kwanza ni zoezi, nalo ni la Oliveros mwenyewe. Wote tunavuta pumzi. Kila mtu anaimba noti yoyote aliyoichagua, mpaka pumzi iishe. Pumzi inayofuata, anasikiliza, anachagua noti ya mwenzake, anaiimba ile ile. Pumzi inayofuata, anatafuta noti ambayo hakuna mtu anayeiimba, anaileta yeye. Kisha anarudi: ya mwenzake, halafu mpya. Halihitaji solfa wala kinanda. Mzee wa besi aliyeanza na kwaya hii na msichana wa soprano aliyejiunga mwezi uliopita wanaanza sawa. Tunaomba dakika tano za zoezi hili zifungue kila mazoezi. Mwanakwaya asiyeweza kuimba noti ya jirani yake hajamsikiliza. Asiyeweza kuleta noti mpya anajificha nyuma ya wengine. Kwaya inahitaji yote mawili.

La pili ni kimya baada ya wimbo. Wimbo wa maombi ukiisha, kinanda kisirukie hapohapo, wala mwongoza ibada asichukue maikrofoni kabla noti ya mwisho haijatulia darini. Tuhesabu kumi. Eliya mlimani Horebu hakumkuta Bwana katika upepo mkali, wala tetemeko, wala moto, bali katika kilichofuata baadaye, ambacho hakikuwa na kelele. Kama angeondoka baada ya moto, angekikosa.

La tatu ni hizo spika. Wazee wetu ambao masikio yamepungua wana haki ya kusikia neno, na maikrofoni ya mhubiri ni msaada kwao. Hilo hatulipingi kamwe. Lakini tuweke kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Vijana wetu wanaosimama mbele ya spika kila mazoezi na kila ibada, na visikizio masikioni njiani, wanatumia akiba ambayo hairudishwi. Sikio la ndani likishaumia na kelele, halioti upya. Kwa hiyo kamati inunue vipaza sauti vinavyosikika wazi, si vinavyotikisa madirisha; vielekezwe kwa watu, si kwa kwaya; na mtu mmoja afunzwe kuvisimamia, aketi katikati ya washirika ambapo atasikia wanachosikia wao. Simu nyingi leo zina programu ya kukadiria desibeli. Tuitumie kabla ya kugombana.

Na ziwepo nyimbo tutakazoimba bila umeme wowote, kila Jumapili walau moja, ili soprano imsikie alto, tena imsikie besi, na washirika watusikie jinsi tulivyo. Wimbo kama huo unawalazimu watu kuegemea mbele kidogo. Kuegemea huko ndiko tunakotafuta.

Neno jubilei lina asili katika pembe ya kondoo dume. Katika sura ya 25 ya Walawi, mwaka wa 50 unapofika, baragumu inapigwa nchi nzima. Na baada ya baragumu, shamba halilimwi. Nchi inapumzika. Aliyeamuru sauti kuu ndiye aliyeamuru pumziko lifuatalo, na mwaka ule ulihitaji yote mawili ili uwe mtakatifu.

Kwaya hii imepiga baragumu kwa miaka 50, nasi tunamshukuru Mungu kwa kila koo. Sasa, kabla hatujaimba wimbo wa kufunga, tunawaomba mkae dakika moja tu. Simu zizimwe. Sikilizeni dari, barabara, mtoto wa jirani, pumzi yenu. Kisha soprano iimbe noti yake ya kwanza, na wengine wote mwingie pale mtakapokuwa mmeisikia.